Likizo ya kuzika ipo, ya kuuguza haipo

Mama yako akifariki, sheria inakupa siku 4 za mapumziko yenye malipo. Akiwa bado kitandani, saratani imeshaingia kwenye mifupa na hawezi hata kujigeuza, sheria hiyo hiyo haikupi siku hata moja ya kumuuguza. Ndivyo kilivyo kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Ugonjwa unaotajwa pale ni wa mtoto wa mfanyakazi. Kwa mume, mke, wazazi, bibi, babu, wajukuu na ndugu wa kuzaliwa nao, kinachotajwa ni kifo. Tena siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, hata misiba ikifuatana. Zaidi ya hapo ni ridhaa ya mwajiri, na hazina malipo.

Tunaanza na sheria kwa sababu inafanana na sisi wenyewe. Msiba tunaujua. Turubai linafungwa kabla jua halijazama, viti vinaletwa, kamati inaundwa, daftari la michango linazunguka, na kina mama wanaingia jikoni bila kuitwa. Ni desturi njema na hatuna neno nayo. Lakini marehemu huyo mara nyingi aliuguzwa miezi na miezi na binti mmoja au mke mmoja, katika chumba kimoja. Waliokuja kumjulia hali walikaa robo saa, wakasema pole, wakaacha machungwa na kuaga. Hakuna aliyeuliza nani atakesha naye usiku ule. Hakuna aliyeuliza nepi za watu wazima zinanunuliwa kwa fedha ya nani.

Kwa mgonjwa wa aina hiyo ipo tiba shufaa, yaani huduma ya watu wenye magonjwa yanayotishia uhai: saratani iliyosambaa, figo zilizoshindwa, moyo uliochoka, kiharusi kilichomlaza mtu moja kwa moja. Lengo lake ni kuondoa maumivu na mateso mengine ili mgonjwa aishi vizuri siku alizonazo. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani linaieleza kuwa ni huduma ya mgonjwa pamoja na familia yake, katika kipindi cha ugonjwa na hata baada ya msiba. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kuwasaidia wanafamilia na watu wa kujitolea wanaouguza, chini ya usimamizi wa wataalamu. Shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Waliobaki wanaangaliwa na nani? Wengi wao wanaangaliwa na ndugu zao nyumbani, bila mafunzo na bila mtu wa kumpigia simu.

Daktari anaposema "mrudisheni nyumbani", anakabidhi kazi. Kazi iliyofanywa wodini na wauguzi wa zamu tatu inahamia kwa mtu mmoja asiye na wa kumpokea. Anapewa mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, basi.

Tazama jambo moja tu, kumgeuza mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongoni, kwenye nyonga na visiginoni inaanza kuoza. Asiyefundishwa humvuta mgonjwa kwa mikono, ngozi ikachubuka kwenye shuka na mgongo wake mwenyewe ukateguka. Aliyefundishwa anamkunja mgonjwa goti la upande wa mbali, anaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, kisha anamviringisha taratibu kuelekea kwake na kuweka mto katikati ya magoti. Wakiwa wawili, wanatandika kanga iliyokunjwa chini ya mgongo na nyonga, wanashika pande zote mbili na kumnyanyua kidogo kabla ya kumsogeza. Kumfundisha mtu hayo kunachukua dakika 10. Dakika hizo hazipatikani wodini, kisha tunashangaa mgonjwa anaporudishwa na kidonda kinachoonyesha mfupa.

Mofini ni hivyo hivyo. Mofini ya maji ndiyo dawa kuu ya maumivu makali ya saratani, na hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Mwenye kuuguza amesikia mtaani kwamba ni dawa ya kulevya, au kwamba ukiona mtu amepewa hiyo ujue amekatiwa tamaa. Kwa hiyo anapunguza kipimo, anaruka saa, anaificha chupa, na mgonjwa analia usiku kucha dawa ikiwa kabatini. Hatumlaumu. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kwamba ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, kwamba karibu kila anayeitumia hupata choo kigumu na apewe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na kwamba daftari la saa za dawa linamsaidia yeye na daktari pia.

Kuna mambo ambayo familia inaona haya kuyasema. Kidonda cha saratani ya titi au ya shingo ya kizazi kinanuka, na harufu hiyo inafukuza wageni, inawahamisha watoto chumbani na kumfanya mgonjwa ajione mzigo. Vidonge vya metronidazo, dawa ya kawaida kabisa, vikisagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda kwa maelekezo ya muuguzi, hupunguza harufu hiyo sana. Ni familia ngapi zimevumilia miezi na ubani na dirisha wazi kwa kuwa hakuna aliyewaambia?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa aina hii, aulizwe. Mwili unaoelekea ukingoni haudai chakula kama zamani, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Binti anayemshikia mama yake kijiko huku analia anahitaji mtu wa kumweleza kwamba mama hafi kwa kunyimwa uji.

Na siku za mwisho zenyewe. Pumzi inakuja na kukatika, koo linakoroma, miguu inapoa. Asiyeambiwa mapema huona kwamba amekosea mahali, anakodi gari saa 8 usiku, na mgonjwa anakata roho njiani akitikiswa kwenye mashimo. Mtu aliyetaka kufia kwake anafia barabarani, na aliyemuuguza anabaki akijiuliza alikosea wapi maisha yake yote.

Kwa hiyo tunasema hivi: mwenye kuuguza nyumbani ahesabiwe kuwa mmoja wa wahudumu, na pia ahesabiwe kuwa mtu anayehitaji kuhudumiwa. Hospitali isimruhusu mgonjwa wa tiba shufaa kutoka kabla ndugu atakayemuuguza hajaonyeshwa kwa vitendo namna ya kumgeuza, kumpa dawa na kumsafisha kinywa, na kabla hajapewa namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeijua kazi hiyo. Hayo hayahitaji jengo jipya wala mashine.

Watu wa kuwafuatilia majumbani wanaweza kupatikana. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Wahudumu hao wanafundishwa habari za wajawazito, watoto, malaria na kifua kikuu. Waongezewe somo la mgonjwa wa kitandani na la anayemuuguza. Wakipita kwenye nyumba ya namna hiyo wasiishie kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Wamuulize na mwenye kuuguza: umelala saa ngapi, umekula, mgongo unauma, watoto wanakwenda shule? Hospitali ya Selian mkoani Arusha na Muheza mkoani Tanga zimekuwa zikiwafuata wagonjwa wa aina hii majumbani, kwa hiyo hatuombi jambo geni nchini.

Mofini nayo isogee karibu. Uganda mwaka 2004 ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, na Serikali yake ikaitoa bure. Huko mwenye kuuguza kijijini ana nafasi ya kuipata bila kumsaka daktari bingwa. Anayelazimika kusafiri kutwa nzima kufuata chupa moja hana budi kumwachia mgonjwa jirani, au mtoto wa darasa la tano.

Fedha hatuwezi kuzikwepa. Anayeuguza aghalabu ni mwanamke, na kwa wengi hakuna mwajiri wa kuombwa ruhusa. Mama ntilie akifunga banda mwezi mmoja, wateja wamehama na kikoba kinamdai. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Wanaopanga mafao yake wahakikishe kwamba ziara ya muuguzi nyumbani, nepi, mipira ya mkojo na dawa za maumivu vimo, kwa sababu ugonjwa wa namna hii hauishi ndani ya lango la hospitali.

Kwa walioajiriwa, Bunge likifungue kifungu cha 34. Kiongezwe ugonjwa mzito wa mwenza na wa mzazi, kwa cheti cha daktari, na siku hizo zitengwe na zile za msiba. Waajiri wanaohofia udanganyifu wajue kwamba leo mfanyakazi wao anaumwa uongo ili akamwogeshe baba yake, na siku asizodanganya yuko ofisini akili ikiwa nyumbani.

Na sisi majirani tuunde kamati mapema. Jumuiya ndogo ndogo, waumini wa msikiti, wanachama wa kikoba, wote wana uzoefu wa kupanga zamu na kukusanya michango. Jumatano jioni mmoja akae na mgonjwa saa 3 ili binti akalale au akasuke nywele. Mwingine abebe ndoo za maji, mwingine afue mashuka. Sehemu ya fedha ambayo ingechangwa kwa ajili ya jeneza na basi la kwenda makaburini ichangwe sasa, mgonjwa akiwa bado anaonja.

Liko jambo la mwisho kwa zahanati. Baada ya mazishi, wageni wakishatawanyika, muuguzi au mhudumu wa jamii arudi kwenye nyumba ile. Sababu ya kwanza ni ya kikazi kabisa: mofini iliyobaki isikae kabatini, irudishwe. Akiwa pale, ampime presha aliyekuwa akiuguza, amuulize usingizi, madeni na mgongo wake, na kama ana dalili za sonona ampe rufaa. Ziara hiyo iandikwe kwenye mpango wa kazi wa mwezi na ihesabiwe kama ziara nyingine yoyote.