Tumuenzi Katabalo kwa Kazi

Jina la Stan Katabalo hutajwa kwa heshima kila waandishi wa habari wa Tanzania wanapozungumzia ujasiri, na anastahili. Nawaomba lakini, ndugu zangu wa kalamu, tuitazame kazi yake kabla ya kuusifu moyo wake.

Mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo, wilayani Ngorongoro, alipewa Brigedia Mohamed Abdulrahim Al Ali wa Falme za Kiarabu. Eneo lile si pori tupu. Ndani yake mna vijiji na malisho ya wafugaji wa Kimasai. Katabalo, mwandishi wa gazeti la Mfanyakazi, akalifuatilia jambo hilo na kuliandika kwa Kiswahili, hata likamgusa waziri. Tuzikumbuke siku zenyewe: vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimeruhusiwa, na gazeti lake lilikuwa la jumuiya ya wafanyakazi iliyolelewa na chama tawala. Alifariki mwaka 1993. Mgogoro wa ardhi ya Loliondo ungali hai.

Nguvu ya habari ile ilikuwa katika maswali yake: nani ametoa nini, amempa nani, na ardhi ni ya nani? Siku hizi wengi wetu tumeuchanganya ujasiri na ukali wa maneno. Kumwita waziri mwizi kunahitaji hasira tu. Kuionyesha saini yake, tarehe aliyoitia, aliyefaidika na aliyepoteza, hiyo ni kazi ya miezi. Na kabla ya kuchapa, mhusika apigiwe simu, aulizwe, na jibu lake liandikwe hata kama linatuudhi. Mwenye madaraka anatuombea tukosee tarakimu moja, maana hiyo ndiyo atakayokwenda nayo mahakamani, na zile ishirini tulizopatia zitasahauliwa.

Lipo pia suala la bahasha, na hapa siwezi kuwa mpole. Aliyepokea mshiko wa kiongozi asubuhi, jioni hana mdomo wa kumuuliza fedha za barabara zimekwenda wapi. Tusijidanganye kwamba ni nauli. Ni habari ya kesho imekwisha kununuliwa.

Hata hivyo, lawama hizi zisiishie kwa mwandishi wa mikoani. Wamiliki na wahariri, mtu mnayemlipa kwa habari iliyotoka tu, bila mkataba wala bima, mmemkabidhi mikononi mwa yuleyule mnayetaka amchunguze! Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Septemba 2, 2012, akiwa kazini, polisi wamemzunguka. Askari mmoja alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Hatuna haki ya kumtuma kijana mwingine mahali kama pale peke yake, kisha tukae Dar es Salaam tukimsifu kwa ushujaa.

Kwa hiyo, mhariri, habari ya kigogo ikifika mezani kwako, idai nyaraka zake zote na uzisome wewe mwenyewe. Ikipungua, mrudishe mwandishi kazini pamoja na nauli. Ikikamilika, ichape, na wakili awe ameandaliwa kabla hajahitajika. Na simu kutoka juu ikipigwa usiku huo kuuliza nani kaandika, ipokee wewe, ujibu kwamba gazeti ndilo lililoandika.