Mtaa ukifungwa, mwenye mlango asikilizwe kwanza

MGOGORO wa matumizi ya mitaa katika miji ya Tanzania kwa kawaida huelezwa kama ugomvi kati ya mgambo na wamachinga. Maelezo hayo huliacha kando kundi la tatu, ambalo ndilo linalopakana na barabara yenyewe: wenye nyumba na wapangaji wa maduka, ambao milango yao hufungukia mtaani na ambao mali yao hupanda au kushuka thamani kutegemea kama mtaa huo unapitika.

Mfano ulio wazi ni Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Desemba 2016 Rais John Magufuli aliagiza wafanyabiashara wadogo wasiondolewe katikati ya miji bila kutengewa maeneo yanayofaa, na Desemba 2018 akaanzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyolipiwa Sh20,000 kila kimoja. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge asinyang'anywe bidhaa zake. Hata hivyo, kitambulisho kilimtambua mtu. Hakikusema mtaa upi ni wa biashara na upi ubaki kuwa njia.

Matokeo yake yalionekana katika Mtaa wa Kongo na mingine inayouzunguka. Meza zilianza kando, zikasogea katikati, na hatimaye gari likakosa pa kupita. Mitaa hiyo haikufungwa kwa tangazo. Ilifungwa kwa mazoea, huku mamlaka zikitazama.

Wenye maduka walilalamika kwamba wanalipa pango, leseni na kodi ya mapato, ilhali bidhaa zilezile zinauzwa mlangoni pao na mtu asiye na gharama hizo. Walilalamika pia kwamba mteja haioni fremu na mzigo haushushwi. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, ingawa baadhi ya wenye maduka hao hao walikuwa wakiwapa vijana bidhaa za kuuza nje.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wakuu wa mikoa wawapange wamachinga upya bila kutumia nguvu. Mkoa wa Dar es Salaam ulitoa muda wa kuhama, ukauongeza hadi mwisho wa Oktoba, kisha mitaa ikasafishwa. Wenye maduka walifurahi. Kwa upande wao, wamachinga wengi walipoteza wateja waliokuwa wamewazoea.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mitaa ilifungwa kwa kauli ya juu na ikafunguliwa kwa kauli ya juu. Aliyeshinda mwaka 2021 hakushinda kwa haki inayoweza kudaiwa tena kesho. Alishinda kwa sababu upepo ulibadilika. Upepo ukigeuka tena, mwenye fremu hana waraka wa kushika mkononi, na mmachinga naye hana.

Sheria si kwamba hazipo. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inalinda haki ya kumiliki mali na inataka fidia mtu anaponyang'anywa mali yake. Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Barabara zenyewe zinatawaliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na tangu 2017 nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA. Lakini leseni za biashara na mgambo viko kwa halmashauri. Mlalamikaji hujikuta akielekezwa ofisi moja kwenda nyingine.

Akiamua kwenda mahakamani, anakutana na kikwazo kingine. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yanataka anayeishtaki halmashauri atoe kwanza notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu. Anaweza kuomba zuio la muda wakati akisubiri, lakini hilo linahitaji wakili na fedha. Mtaa unaweza kuzibwa kwa usiku mmoja. Duka dogo likikosa wateja kwa siku 90, huenda lisifike siku ya kesi.

Nchini Uingereza, Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 imeweka utaratibu unaofaa kutazamwa. Mamlaka inayotaka kuifunga njia moja kwa moja kwa utaratibu huo huiomba mahakama ya mahakimu, na wamiliki na wapangaji wanaopakana nayo hupewa notisi ya angalau siku 28, wakiwa na haki ya kupinga. Huko, usikilizaji hutangulia kufunga. Haufuati baada ya hasara.

Suala hili si la jiji peke yake. Katika kata kama Nambilanje, mkoani Lindi, njia hubeba uchumi mzima wa msimu: korosho na ufuta visipofika ghalani, mkulima hana cha kupeleka mnadani. Uzio mmoja ukikatisha njia iliyozoeleka, nyumba na mashamba yaliyo nyuma yake hupungua thamani kama fremu ya Kariakoo. Tofauti ni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu ni mahali ambapo jirani anaweza kusimama na kuuliza. Jukwaa la namna hiyo ndilo ambalo mwenye duka wa mjini halipati.

Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Msiba huo ulikumbusha kwamba mtaa ni njia ya waokoaji kabla haujawa uwanja wa biashara.

Halmashauri na TARURA zina wajibu wa kuweka utaratibu mmoja: tangazo la maandishi, muda unaojulikana, kikao cha wanaopakana na mtaa pamoja na wanaofanya biashara humo, na uamuzi wenye sababu. Mji una haki ya kubadili matumizi ya mtaa wake. Hauna haki ya kumfungia mtu mlango bila kubisha hodi.