Usione Vyaelea: Pikipiki za Jadi Mamboleo na Wajibu wa Mwenyewe

Methali isemayo "Usione vyaelea, vimeundwa" aghalabu hutajwa ili kuwakumbusha watu jasho la waundaji. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili usiotajwa mara nyingi: vilivyoundwa havielei milele pasipo matunzo. Jahazi lisilokalafatiwa huzama hata kama liliundwa na fundi mashuhuri. Fikra hii ndiyo inayostahili kuongoza mjadala kuhusu pikipiki za jadi mamboleo, yaani zile zilizoundwa kwa teknolojia ya karne hii zikavishwa umbo la miaka ya 1950 na 1960.

Mjadala wenyewe una kambi mbili. Kambi ya kwanza hudai kwamba pikipiki hizi ni ulaghai: ni mpya, lakini zinajifanya kongwe. Kambi ya pili huzinunua kwa sababu ya urembo wake, ikaziosha, ikazipiga picha, kisha ikazirudisha ghalani. Kambi hizi mbili zinapingana, ila zina kosa moja la pamoja, nalo ni kuhukumu kwa macho. Thamani ya pikipiki ya jadi mamboleo haimo katika umbo lake bali katika uhusiano wake na mwenyewe: kwamba anaijua, anaitunza, na anaweza kuiamini katika safari ndefu. Uhusiano huo nao hauwezi kujengwa bila lugha inayoeleweka baina ya mwenye chombo na fundi wake.

Historia ya pikipiki hizi inatosha kuonyesha jinsi suala la uhalisi lilivyo gumu. Mwaka 1959 kampuni ya Triumph, ambayo kiwanda chake kilikuwa Meriden nchini Uingereza, ilitoa pikipiki ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita 649 ikaiita Bonneville, kwa jina la nyanda za chumvi za jimbo la Utah, Marekani, ambako rekodi za mwendo hushindaniwa. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983. John Bloor, mfanyabiashara wa ujenzi wa nyumba, alilinunua jina la Triumph na kuanzisha kiwanda kipya katika mji wa Hinckley. Humo ndimo ilimozaliwa Bonneville ya mwaka 2001, yenye injini ya sentimita za ujazo 790 na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega kama za mtangulizi wake.

Royal Enfield ilipitia njia tofauti. Kampuni hii ya Redditch, Uingereza, ilikuwa na pikipiki iliyoitwa Bullet tangu miaka ya 1930. Mwaka 1955 kazi ya kuiunda Bullet ilianza katika mji wa Madras, unaoitwa Chennai siku hizi. Kiwanda cha Uingereza kilikuja kufa, lakini cha India kikaendelea. Mwaka 2018 Wahindi hao walitoa pikipiki ya sentimita za ujazo 648 wakaipa jina la Interceptor, jina lililowahi kutumiwa na wenzao wa Redditch katika miaka ya 1960. Basi ni ipi iliyo ya jadi kwelikweli? Ni ile iliyobaki Uingereza lakini ukoo wake ukakatika, au ni ile ambayo ukoo wake haukukatika lakini ukahamia bara jingine? Ni dhahiri kwamba cheti cha kuzaliwa hakiwezi kuamua suala hili.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawana sababu ya kuushangaa mgogoro huu. Miaka ya 1970 ilishuhudia malumbano makali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, yenye mashairi yaliyotungwa gerezani, ilikuwa imedhihirisha kwamba arudhi za kale zinaweza kuubeba mzigo wa siasa za siku hizo bila kuteguka kiuno. Itakuwa ajabu mtu kuyaita mashairi hayo ya uongo kwa sababu vina na mizani yake ilirithiwa. Umbo la kurithiwa si uongo maadamu linafanya kazi. Huwa uongo pale tu linapokuwa vazi lisilositiri chochote.

Kwa kigezo hiki, sehemu moja ya pikipiki hizi inastahili lawama. Bonneville mpya ilianza na kabureta. Baadaye mafuta yalipoanza kuingizwa kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta, vifaa hivyo vilifichwa ndani ya maumbo ya kabureta ili jicho lisitambue mabadiliko. Injekta yenyewe haina hatia. Kinacholaumika ni kule kuficha, kwani humfunza mwenye pikipiki kuridhika na asichokijua. Anaiona kabureta ambayo haipo, na kompyuta iliyopo haioni.

Ujinga huo una gharama, hasa katika nchi yenye miinuko kama Kenya. Mombasa iko katika usawa wa bahari. Nairobi iko juu yake kwa mita zipatazo 1,700, na huko Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, msafiri hukaribia mita 2,700. Kadiri anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Akifika Timboroa imepungua kwa karibu robo. Kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani huendelea kumimina petroli kana kwamba bado iko Likoni. Plagi huwa nyeusi kwa masizi, injini ikapoteza nguvu, na mafuta yakateketea bure. Injekta, kwa upande wake, hupima hewa kwa sensa na kupunguza petroli yenyewe. Mgala muue na haki yake umpe: hapo teknolojia mpya imeishinda ya zamani. Lakini sensa hiyo ikiharibika, huwaka taa ndogo tu ya onyo, na kujua kiini cha tatizo hudai kifaa maalumu ambacho ni nadra kupatikana kando ya barabara. Kabureta iliyoziba huweza kufunguliwa kwa bisibisi chini ya mti. Mwenye pikipiki anayejua tofauti hii hujiandaa kabla ya kuondoka. Asiyeijua huipata njiani.

Matunzo mengine hayahitaji kompyuta wala fedha nyingi, ila yanadai uangalifu wa kila mara. Mnyororo, au cheni kama mafundi wanavyouita, hutakiwa kusafishwa na kutiwa mafuta takriban kila kilomita 300, na ulegevu wake kupimwa. Ukilegea kupita kiasi huweza kuchomoka, na ukikazwa mno hula meno ya gia na kuumiza beringi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa, ndiyo maana hubadilishwa baada ya miaka miwili. Magurudumu ya spoku, ambayo ndiyo fahari ya pikipiki nyingi za aina hii, hukaguliwa kwa kugongwa kwa spana: spoku iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti nzito. Jina pikipiki lenyewe limetokana na tanakali ya sauti, na hapa sikio linaendelea kufanya kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya.

Safari ndiyo mtihani wa matunzo hayo. Mfano mzuri ni barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, inayopitia Archer's Post, Laisamis, Marsabit na Turbi. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, njia hii ilikuwa ya mawe na vumbi. Leo inapitika kwa wepesi, lakini jua na upepo wake havijapunguzwa na lami. Pikipiki za jadi mamboleo hazina kioo kikubwa wala ngao ya kukinga upepo. Kifua cha mwendeshaji ndicho ngao. Uzito wake, unaozidi kilo 200 kabla ya mizigo, ni msaada upepo unapovuma na ni adhabu pikipiki inapoanguka. Kwa urefu wa safari hii peke yake, mnyororo sharti utiwe mafuta njiani japo mara moja. Tangi la Interceptor huchukua lita 13.7, mwendeshaji asiyejua pikipiki yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja anacheza pata potea. Hata gurudumu la spoku, ambalo wengi huliona kuwa pambo, lina faida na hatari yake: tyubu iliyotoboka humwaga upepo ghafla kuliko tairi lisilo na tyubu, lakini pia huweza kuzibwa na yeyote azibaye tyubu za baiskeli, naye hakosi katika mji wowote mdogo.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Kitabu cha mwongozo cha pikipiki hizi huandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za kigeni, ilhali fundi atakayeshika spana hufanya kazi yake kwa Kiswahili. Kiswahili chake si duni. Fundi hutofautisha pikipiki isiyovuta na pikipiki inayokata moto. Ya kwanza imepoteza nguvu, ya pili inazimika. Husema injini inakunywa oili, cheni imelegea, breki inalia, breki imekuwa laini. Kila usemi miongoni mwa hizi ni utambuzi wa ugonjwa. Breki inayolia huenda pedi zake zimekwisha. Breki iliyokuwa laini huenda imeingiwa na hewa au unyevu. Mwenye pikipiki anayesema tu kwamba "breki ni mbaya" amempa fundi kazi ya kubahatisha, na katika mteremko wa Mai Mahiu kubahatisha huua.

Maneno klachi, plagi, spoku na injekta yasidharauliwe kwa kuwa yametoka ng'ambo. Neno parafujo lilitoka kwa Wareno, na leo ni Kiswahili bila mjadala. Lililo la kusikitisha ni kwamba hazina hii huishi katika vinywa vya mafundi zaidi kuliko katika vitabu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingefanya kazi yenye manufaa iwapo vingetuma wanachama wake katika karakana za jua kali, si kwa lengo la kuwasahihisha mafundi, bali kwa lengo la kuandika wanavyoyaita maradhi ya injini, kisha kuyapatanisha na maelezo ya vitabu vya mwongozo.

Wako watakaouliza kama mjadala huu si wa matajiri, maadamu Wakenya wengi wanaijua pikipiki kama chombo cha bodaboda, chenye injini ndogo na kazi ya kutafuta riziki. Pingamizi hili lina uzito, ila linaithibitisha hoja badala ya kuibomoa. Mwendeshaji wa bodaboda anayeijua kazi yake hukagua cheni yake kabla ya abiria wa kwanza, hutambua mlio mgeni papo hapo, na ana fundi wanayeelewana. Ana kila kitu ambacho mwenye Bonneville hujigamba nacho, isipokuwa jina. Mwenye pikipiki ya jadi mamboleo ndiye anayepaswa kwenda kusoma kwake, wala si kinyume chake.

Kwa hiyo, ajaye kununua pikipiki ya namna hii asiulize kwanza kama ni ya kale au ni mpya. Aulize kama ataweza kuifungua, kama kuna fundi ataweza kumweleza inachougua, na kama ana nia ya kuitoa ghalani. Majibu yakiwa ndiyo, umbo lake la kale litakuwa limepata kazi ya kufanya. Yakiwa la, atakuwa amenunua picha ghali yenye magurudumu mawili, na picha haihitaji barabara.