Kilatini cha madaktari kisitutishe

Imejengeka miongoni mwetu dhana kwamba majina ya viungo vya mwili yaliyomo katika vitabu vya udaktari yana ukuu ambao Kiswahili hakiwezi kuufikia. Mtu akisikia "clavicula" au "acetabulum" huinamisha kichwa kama aliyetajiwa jina la mfalme. Nami nathubutu kusema kwamba heshima hiyo imezidi kiasi. Majina hayo, tukiyavua joho, ni majina ya vyombo vya jikoni, vya uani na vya karakana, yaliyotungwa na watu walioutazama mfupa wakajiuliza: hiki kimefanana na nini?

Hebu tuyatazame machache. "Clavicula", mfupa ule utokao shingoni kuelekea begani, ni ufunguo mdogo. "Tibia", mfupa wa muundi, ni zumari, maana Warumi waliita hivyo ala yao ya kupuliza. "Fibula" iliyo kando yake ni kibanio cha kufungia vazi. "Pelvis" ni beseni. "Acetabulum", shimo ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukaa, ni kikombe cha siki kilichowekwa mezani wakati wa kula. "Cochlea" iliyomo ndani ya sikio ni konokono, na vijifupa vitatu vilivyo jirani yake ni nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi. Utadhani umeingia katika duka la mhunzi. "Musculus", jina la msuli, ni kipanya, labda kwa jinsi msuli wa mkono unavyotembea chini ya ngozi mtu akiukunja. Na neno walitumialo wataalamu kwa uke wa mwanamke maana yake ni ala ya upanga. Nadhani akina mama wangependa kushauriwa kabla halijaandikwa.

Sasa tugeuke nyumbani. Mfupa wa mbele ya goti Warumi waliuita "patella", yaani kisahani. Mswahili aliutazama mfupa huo huo akaona kitu anachokichezea mtoto, akauita pia ya goti. Nyama ya nyuma ya mguu Wayunani waliiita tumbo la mguu, ndilo jina "gastrocnemius" linalowatoa jasho wanafunzi. Sisi tuliona shavu, tukasema shavu la mguu. Utando wa sikio kwao ni "tympanum", yaani ngoma. Kwetu ni kiwambo cha sikio, na kila aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa anajua neno hilo limetoka wapi. Kifuu ni ganda tupu la nazi, na kichwa kilichobaki mfupa mtupu tunakiita fuu la kichwa. Warumi nao walikuwa na "testa", chungu au kigae, na neno hilo ndilo lililokuja kuwa kichwa katika Kifaransa na Kiitaliano. Na kidakatonge kilichoko kooni? Jina hilo linaeleza kazi yote kwa neno moja. Sijaona la Kilatini linalolizidi.

Kwa hiyo akili iliyozaa majina ya Kilatini na Kiyunani ni akili ile ile iliyozaa yetu. Tofauti iko katika safari. Majina yao yalisafiri, yakaandikwa, yakatafsiriwa, yakakubaliwa kwa pamoja, ilhali yetu yalibaki vinywani mwa wakunga, wachinjaji na waganga.

Safari yenyewe inafaa kusimuliwa, kwa sababu wengi hudhani ilianzia na kuishia Ulaya. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, tabibu Herophilus alikuwa akipasua maiti mjini Alexandria, huku huku Afrika. Sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba aliipima ikawa upana wa vidole 12, akaiita hivyo kwa Kiyunani. Karne nyingi baadaye vitabu vya Wayunani vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na Hunayn ibn Ishaq na wenzake, na utumbo ule ukapewa jina la kumi na mbili kwa Kiarabu, hesabu ile ile tunayoiita thenashara. Katika karne ya 12 watafsiri wa Toledo, huko Hispania, wakaitoa katika Kiarabu na kuitia katika Kilatini, ikawa "duodenum". Utando mgumu uufunikao ubongo, "dura mater", yaani mama mgumu, nao ulipitia njia hiyo: Waarabu ndio waliotumia "umm", neno lile lile lililomo katika jina Ummu Kulthumu, na Kilatini kikaliiga. Kilatini tunachokiogopa kiliazima bila haya.

Tena hakikuazima hekima pekee. Wayunani wa kale walipopasua maiti waliikuta baadhi ya mishipa mikubwa haina damu, wakaamini kwamba inabeba hewa, ndiyo sababu wakaiita "arteria", jina lililotumiwa pia kwa koo la pumzi. Galen alikuja kuonyesha katika karne ya pili kwamba ina damu, lakini jina halikubadilishwa. Galen mwenyewe alijifunza zaidi kwa nyani na nguruwe kuliko kwa binadamu, na makosa yake yalifundishwa hadi Andreas Vesalius alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1543. Leo kamusi zetu zinasema "ateri". Tumelichukua neno pamoja na kosa lake.

Msomaji ataniuliza: yote haya yanamhusu nini mtu aliyepanga foleni hospitalini? Yanamhusu sana. Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliteleza akaanguka. Katika hospitali ambayo sitaitaja aliambiwa harakaharaka kwamba "patella" imevunjika, akapewa karatasi ya kuidhinisha upasuaji, akatia sahihi. Jioni nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo patela ni ugonjwa wa ukoo?" Nilipomwambia kwamba ni pia ya goti alishusha pumzi. Kisha akaanza kuuliza: Je, itafungwa kwa waya au itatolewa? Atatembea lini? Ataweza kupiga magoti akiswali? Maswali hayo yalipaswa kuulizwa kabla ya sahihi, na aliyekuwa na majibu yake ni daktari, si mimi.

Sheria haimwachi mama huyo. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika. Lakini daktari tumtakaye atekeleze agizo hilo amesomea kazi yake kwa Kiingereza kilichojaa Kilatini. Atayatoa wapi majina ya Kiswahili? Atabahatisha, au atamwita mfagizi wa wodi amsaidie kutafsiri.

Najua pingamizi iliyopo, nayo si ndogo. Majina yetu yanagongana. Mguu ni kuanzia pajani hadi vidoleni, na pia ni wayo peke yake. Mkono ni vivyo hivyo. Kiwiko kwa wengine ni mahali mkono unapokunjikia, kwa wengine ni pale saa inapovaliwa. Daktari akiandika "kiwiko cha kushoto" mpasuaji atashika wapi? Hilo si jambo la mzaha.

Hata hivyo Kilatini nacho kilikuwa vurugu kubwa zaidi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 palikuwa na majina yapatayo 50,000 kwa viungo visivyozidi sana 5,000, maana kila chuo na kila profesa alikuwa na lake. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana mjini Basel, Uswisi, wakayapitia yote, wakachagua jina moja kwa kila kiungo na kuyatupa mengine. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Usahihi wa majina yale ulitoka katika kikao, haukutoka katika damu ya Kilatini. Kiwiko nacho kinaweza kukaliwa kikao.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Ninachokitaka si kufukuza Kilatini. Daktari wa Kisumu akimwandikia mwenzake wa Tokyo na aandike "clavicula", waelewane. Mjerumani hufanya hivyo, kisha akimgeukia mgonjwa wake humwambia kwa Kijerumani kwamba mfupa wake wa ufunguo umevunjika. Na ule utumbo wa Herophilus wanauita hadi leo utumbo wa vidole kumi na viwili. Hakuna anayesema udaktari wao umeshuka hadhi.

Basi vyuo vyetu vya udaktari na vya uuguzi na viwafundishe wanafunzi majina mawili kwa kila kiungo, la Kilatini na la Kiswahili, na yote mawili yatahiniwe. Walimu wa Kiswahili waketi na wapasuaji na wakunga wenye uzoefu, wakubaliane jina moja pale yanapogongana. Mifupa ya mtu mzima ni 206 tu, na mingi imekwisha kuwa na majina. Kazi ianzie hapo, na kiwiko kiwe cha kwanza kuamuliwa.