Amana Hii Iliwekwa na Nani?

Mwanzoni mwa Januari 1918, vita vikuu vikiwa bado havijaisha, Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilituma simu za maandishi katika himaya yake. Ilitaka ipelekewe ushahidi kwamba wenyeji wa makoloni ya Wajerumani wangependa kutawaliwa na Waingereza. Siku hizo hizo, tarehe 5, Waziri Mkuu David Lloyd George aliwaambia viongozi wa vyama vya wafanyakazi mjini London kwamba hatima ya makoloni hayo itaamuliwa kwa kutanguliza matakwa na masilahi ya wenyeji, na kwamba wenyeji hao wana machifu na mabaraza yenye uwezo wa kuwasemea. Ahadi ilitolewa hadharani. Jibu lilikuwa limekwisha kuagizwa ofisini.

Naomba msomaji ashike jambo hilo tangu mwanzo, kwa sababu toleo hili zima linawahusu watu ambao mtawala wao alianguka, wakaulizwa, au wasiulizwe, wanataka nini baada yake.

Ushahidi ulioagizwa ulipatikana. Novemba 1918 serikali ya Uingereza ilichapisha kitabu cha barua na taarifa kuhusu matakwa ya wenyeji wa makoloni ya Wajerumani, na nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Wajerumani ina sehemu yake humo. Machifu wanaonekana wakisema hawataki Mjerumani arudi. Wapo wanaokisoma kitabu hicho kama kura ya maoni, wakahitimisha kwamba Watanganyika walimchagua Mwingereza. Wapo wanaokitupa wakisema machifu wale walikuwa vibaraka tu. Nimekaa na suala hili kwa muda mrefu, na naona kila upande unawanyima wazee wale haki yao.

Jiweke mahali pa jumbe wa kusini, tuseme upande wa Songea. Miaka kumi na mitatu nyuma, katika vita vya Maji Maji, nchi yako ilisimama na kunywa maji. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni kwa siku moja, kisha wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Halafu ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu, na pande zote mbili zikachukua vijana wako wabebe mizigo. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hiyo, na zaidi ya 90,000 walikufa kwa hesabu rasmi, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kovu la kikosi cha wapagazi hao. Sasa ameketi mbele yako ofisa mgeni, katika boma lile lile alilokuwa akiketi Mjerumani. Mkalimani yupo. Askari wenye bunduki wapo. Unaulizwa: mnamtaka nani, sisi au wale?

Na wale hawajaenda mbali. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, yuko ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wareno, na jeshi lake bado linapigana. Mwisho wa Septemba 1918 alivuka mto akarudi, akapita katika nchi hiyo hiyo ya Songea akielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambako aliweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Jumbe aliyemkataa Mjerumani mwaka ule alimkataa mtu ambaye angeweza kumwona tena mlangoni pake. Neno lake lilikuwa la kweli, na lilihitaji moyo. Hakuwa na haja ya kufundishwa na Mwingereza kumchukia aliyemnyonga babaye.

Lililokosekana ni swali la pili. Hakuna aliyemgeukia akamuuliza: na kama hapa asikae Mjerumani wala Mwingereza, mngependa mambo yenu yaendeshwe vipi?

Mwaka uliofuata swali hilo liliulizwa, lakini liliulizwa Sham, yaani Syria. Himaya ya Waturuki nayo ilikuwa imeanguka, na Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipendekeza iende tume ikawasikie watu wenyewe. Uingereza na Ufaransa hazikupeleka wajumbe wao. Wakaenda Wamarekani peke yao: Henry Churchill King, mkuu wa Chuo cha Oberlin, na Charles Crane, mfanyabiashara wa Chicago. Waliteremka Jaffa tarehe 10 Juni 1919, wakazunguka mji kwa mji, wakiwapokea mashehe, maaskofu, marabi, wakulima, wakuu wa makabila na wanawake wa mijini. Waliandikiwa maombi 1,863. Mengine yalikuwa karatasi zilizopigwa chapa kwa maneno yale yale, zikapita mkono kwa mkono zikijazwa sahihi, mihuri na alama za dole gumba. Wajumbe wa tume wenyewe waliandika katika ripoti yao kwamba kampeni ilikuwa imepita huko na kwamba baadhi ya sahihi zilitiliwa shaka. Mimi sioni aibu katika karatasi zile zinazofanana. Watu waliojua kwamba huenda hawataulizwa tena walikaa, wakapatana neno, wakalisema pamoja.

Na neno lenyewe lilikuwa wazi. Karibu robo tatu ya maombi yalidai uhuru kamili. Asilimia 80 yalitaka Syria moja, isikatwe vipande. Mkutano Mkuu wa Syria uliokaa Damascus ulitoa azimio mapema Julai: ufalme wa kikatiba chini ya Amir Faisal; kama ni lazima wasaidiwe, basi wasaidiwe na Marekani kwa muda usiozidi miaka 20, au Uingereza endapo Marekani itakataa; na Ufaransa wasiione kabisa. Hawakuwa wote wamoja. Wamaroni wengi wa Mlima Lebanoni waliitaka hiyo hiyo Ufaransa, wakasema hivyo, na likaandikwa.

Ripoti ilikamilika Agosti 1919 ikawekwa kabatini. Haikuchapishwa hadi Desemba 1922. Kufikia hapo mkutano wa San Remo, Aprili 1920, ulikuwa umekwisha kuwapa Wafaransa Syria, na tarehe 24 Julai mwaka huo jeshi lao lilikuwa limewavunja watu wa Faisal huko Maysalun, Waziri wa Vita Yusuf al-Azma akifia uwanjani.

Mtu atauliza faida iko wapi, ikiwa aliyeulizwa vizuri hakusikilizwa na aliyeulizwa nusu hakusikilizwa vilevile. Kwa maisha ya siku ile, pengine faida ilikuwa ndogo sana. Kwa kumbukumbu, tofauti ni kubwa mno. Hakuna mwandishi anayeweza kusema leo kwamba watu wa Damascus waliichagua Ufaransa. Karatasi zao zinamkanusha. Sisi bado tunaambiwa babu zetu walimchagua Mwingereza, kwa sababu katika karatasi zetu kimya kimewekwa mahali pa swali, na kimya kikahesabiwa kuwa ridhaa.

Kimya hicho kiliingizwa hata katika sheria. Mkataba wa Ligi ya Mataifa, ibara ya 22, uliyagawa mataifa yaliyotoka mikononi mwa walioshindwa katika madaraja. Kwa nchi zilizokuwa za Waturuki uliandika kwamba matakwa ya watu yawe jambo kuu katika kumchagua mlezi wao. Kwa Afrika ya Kati, ambamo tulihesabiwa sisi, uliandika juu ya biashara ya utumwa, silaha, pombe, uhuru wa dini na milango wazi kwa wafanyabiashara. Kuhusu matakwa yetu katika kumchagua mlezi, haukuandika kitu. Ibara hiyo hiyo inaita kazi yote hiyo amana takatifu.

Neno amana tunalijua. Mtu anayekwenda safari huacha kitu kwa jirani, kwa shehe, kwa ndugu, na siku akirudi anapewa kilivyo. Mwenye mali ndiye anayechagua pa kukiweka. Tarehe 7 Mei 1919 wakubwa wa mkutano wa amani wa Paris waliikabidhi Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa Uingereza. Wabelgiji, waliokuwa wameitwaa Tabora mwaka 1916, wakalalamika. Tarehe 30 Mei Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakapatana wao wawili kwamba Rwanda na Urundi ziende Ubelgiji. Wareno wakapewa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma. Mwenye mali hakuwa safarini. Alikuwa nyumbani, akizika waliokufa kwa homa ile kuu ya mafua, na huko Ugogo akitoka katika njaa waliyoiita Mtunya.

Mara moja tu najua mpaka ule uliyumba kwa sababu mwenyeji alipinga. Milner alikuwa amekata Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, akaubakiza kwa Waingereza kwa ajili ya reli waliyoiota kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Yuhi Musinga hakukubali nchi yake ikatwe. Wamisionari, akiwemo Padre Léon Classe, nao wakaandika kupinga, Kamisheni ya Dhamana ya Ligi ya Mataifa ikalitazama jambo hilo, na mwisho wa mwaka 1923 Gisaka ikarudi. Hata hapo, aliyesikilizwa Geneva alikuwa na mfalme mwenye jina na padre mwenye kalamu ya Kifaransa.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu: kwamba mwaka 1918 hapakuwa na mtu wa kujibu swali la pili, maana Tanganyika haikuwapo hata kwa jina hadi mwaka 1920. Jina halikuwapo, ni kweli. Lakini kujitawala si lazima kuanze na ramani. Watu waliokataa kulima pamba ya akida mwaka 1905 walijua wanakataa nini. Na mwaka 1922, mwaka ule ule ambao Ligi ilithibitisha dhamana ya Uingereza, Martin Kayamba na wenzake makarani walikuwa wameunda chama chao Tanga. Wenye la kusema walikuwapo. Walikuwapo pia waliomtaka Mjerumani arudi, hasa miongoni mwa askari waliomtumikia miaka yote, na sauti zao nazo zina nafasi katika toleo hili. Sitaki tutengeneze babu wa kubuni, wote wakiwa na neno moja la kishujaa.

Ndiyo maana tumewaomba waandishi wetu watoke katika kitabu cha Novemba 1918 wakatafute kwingine: katika utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya vita vya Maji Maji, katika masimulizi ambayo wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam waliyakusanya kusini mwaka 1968 wakati walioshuhudia vita walikuwa bado wapo, katika barua za makarani na mashauri ya mabaraza. Humo watu wanazungumza bila ofisa kuketi mbele yao.

Tumeanza, hata hivyo, na watu ambao hawakungoja kuulizwa. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu, na nyumba zikachomwa. Wameru wakachanga pesa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akawa Mtanganyika wa kwanza kulalamika pale kwa kinywa chake mwenyewe. Hoja yao haikupata kura za kutosha katika Baraza Kuu. Makala ya kwanza inaanzia kwenye mchango ule wa nauli.