Milele Haimezwi Kama Kidonge



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaofuatilia tafakari hii ya kila juma, leo naomba mnivumilie. Sitaanza na Injili ya Dominika. Nitaanza na kijana mmoja aliyenijia ofisini baada ya Misa ya kwanza, naye ameniruhusu nisimulie mazungumzo yetu. Ni mtoto wa parokia hii. Alitumikia altareni, akapokea Kipaimara mbele ya macho yenu, kisha akaenda masomoni Uholanzi. Nchi ile ilipiga marufuku uyoga wa kulevya mwaka 2008, lakini vinundu vinavyoota chini ya ardhi kutokana na uyoga wa namna hiyo vimeendelea kuuzwa madukani. Alivila pamoja na wenzake. Basi akanisalimu kwa heshima, akaketi, akasema: "Padre, ninyi mnatuahidi uzima wa milele baada ya maisha mazima ya sala. Mimi niliuonja jioni moja. Saa ilisimama. Hapakuwa na jana wala kesho. Sasa Misa itanipa nini zaidi ya hapo?"

Sikumkemea. Swali lake linastahili jibu, na ninalijibu hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Vijana wetu wanayasoma mambo haya kwenye simu zao, na wako wahubiri wa kizazi hiki wanaofundisha kwamba mafumbo waliyoyatafuta wamonaki kwa kufunga na kukesha yamo ndani ya kidonge. Fundisho hilo ni la uongo, na uongo wake hauonekani mahali pengine waziwazi kama katika jambo hili la wakati.

Kwanza tuwe wakweli: hali hiyo ipo, wala kijana wetu hakuitunga. Tarehe 19 Aprili 1943, mwanakemia Albert Hofmann wa Basel, Uswisi, alimeza kwa makusudi dawa ya LSD aliyokuwa ameitengeneza mwaka 1938. Alipozidiwa alirudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake. Njiani alijiona amekwama mahali pamoja, hasogei hata hatua. Msaidizi alimweleza baadaye kwamba walikuwa wakienda kasi. Mwaka 2007 Marc Wittmann na wenzake walichapisha utafiti juu ya silosaibini, kemikali iliyomo katika uyoga huo. Waliomeza waliombwa kurudia urefu wa mlio waliousikia. Milio mifupi sana waliiweza. Ilipozidi takriban sekunde mbili hadi tatu, walikosea.

Ndugu msomaji, yatafakari hayo. Tunaambiwa kwamba mtu amevuka mipaka ya wakati, kumbe kipimo kinaonyesha kwamba ameshindwa kushika sekunde tatu. Mwenye saa iliyoharibika hawezi kujisifu kwamba jua limesimama. Katika safari ile ya baiskeli aliyeujua mwendo ni msaidizi, yule ambaye hakumeza kitu. Baiskeli ilikwenda, barabara ilipungua, na Hofmann akafika kwake, ingawa moyoni alisadiki kwamba hajasogea.

Hata hivyo, kosa la kuhesabu ni jambo dogo. Liko kubwa zaidi. Mwezi Mei 1953 mwandishi Mwingereza Aldous Huxley alimeza meskalini, na mwaka uliofuata akaandika kitabu kuisifu. Alieleza kwamba habari ya wakati haikumshughulisha tena. Saa yake ilikuwepo, ila hakuona sababu ya kuitazama. Wafuasi wake hupenda kulirudia hilo. Hawapendi kurudia jambo jingine ambalo Huxley, kwa uaminifu wake, alilikiri katika kitabu hicho hicho: kwamba aligundua anayakwepa macho ya watu waliokuwa naye chumbani, na mmoja wao alikuwa mke wake. Mikunjo ya suruali yake ilimvutia kuliko uso wa mwenzi wake wa ndoa. Akakiri pia kwamba aliye katika hali hiyo haoni sababu ya kutenda jambo lolote.

Niliposoma hayo nilimwita kijana wetu tena, nikamuuliza swali moja: "Mwanangu, katika milele yako ile, ulimkumbuka nani?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba jioni ile mama yake alimpigia simu mara tatu. Aliona simu ikiwaka mwanga, akaiona inapendeza, asiipokee. Bibi yake alikuwa mgonjwa na alitaka kuisikia sauti ya mjukuu wake. Kesho yake bibi hakuweza kusema tena.

Wapendwa, sisemi hayo ili kumwaibisha. Nayasema kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wakati ni mahali ambapo jirani yangu ananisubiri. Mgonjwa ana saa yake ya dawa, mtoto ana saa yake ya kunyonya, na bibi alikuwa na jioni moja tu iliyobaki ya kuongea. Anayeizima saa iliyo moyoni mwake anamzimia mlango yule anayemngoja nje. Utaratibu huo hauwezi kuitwa milele ya Mungu, kwa maana Mungu ni upendo, na upendo hauwezi kumsahau mtu.

Wengine watanijibu kwamba jambo hili lilikwisha pimwa kanisani. Ni kweli. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1962, Walter Pahnke, mwanafunzi wa uzamivu wa Harvard, aliwakusanya wanafunzi 20 wa teolojia wa Kiprotestanti katika Marsh Chapel, kanisa la Chuo Kikuu cha Boston. Kumi walipewa silosaibini, kumi wakapewa vitamini isiyolevya. Wakiwa katika chumba cha chini walisikiliza kwa vipaza sauti ibada aliyoiongoza Howard Thurman. Mojawapo ya alama ambazo Pahnke alizitafuta ilikuwa kuvuka wakati na mahali, na wengi wa waliokunywa silosaibini walisema wameipata. Mwaka 1991 Rick Doblin alichapisha habari za kuwatafuta watu hao upya. Wale aliowapata kati ya waliomeza bado waliiheshimu siku ile. Hilo sitalificha. Lakini Doblin alifichua pia jambo ambalo Pahnke hakuliandika: mmoja wao alitoka nje mbio hadi barabarani, akarudishwa, ikabidi achomwe sindano ya kumtuliza.

Mimi nashangazwa na siku waliyoichagua. Ijumaa Kuu! Katika lugha yetu ya Kiswahili tumepewa neema ndogo ambayo Wazungu hawana. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kama walivyohesabu Wayahudi wa zamani. Injili inaposema kwamba giza liliifunika nchi tangu saa sita hata saa tisa, sisi hatuhitaji mfasiri. Tunatazama jua na kuelewa. Saa tatu hizo Bwana wetu alizihesabu moja moja. Alipopewa divai iliyochanganywa na manemane, kinywaji cha kufifisha maumivu, Marko anatuambia hakuipokea. Alitaka kukaa macho. Na kwa kuwa alikuwa macho, aliweza kumwona Mama yake chini ya msalaba na kumkabidhi kwa mwanafunzi, tena aliweza kumsikia mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye. Asingejua ni saa ngapi, je, angewaona hao? Wokovu wetu ulitendeka ndani ya wakati, ndiyo maana Kanuni ya Imani inamtaja Ponsyo Pilato, mtawala wa nchi fulani katika miaka fulani.

"Lakini Padre, hata watakatifu walipoteza hesabu ya saa!" Naam, wako walionyakuliwa katika sala. Tazameni yaliyofuata. Mtakatifu Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorinto, anazungumzia kunyakuliwa hadi mbingu ya tatu, na papo hapo anataja kuwa ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, hajapoteza kalenda. Anakataa kujisifu kwa ajili ya hayo, anazungumzia mwiba aliopewa mwilini, kisha anarudi kwenye shughuli za makanisa yake. Petro naye alitaka kujenga vibanda mlimani, abaki katika utukufu. Bwana akamteremsha, na chini ya mlima walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa. Neema ya kweli hukushusha mlimani. Msomi wa Oxford, R. C. Zaehner, Mkatoliki aliyeingia Kanisani akiwa mtu mzima, alijaribu meskalini mwenyewe mwaka 1955 akiwa chini ya uangalizi, na mwaka 1957 akaandika kumpinga Huxley: kuungana na Mungu aliye Nafsi hai kusilinganishwe na msisimko wa hisia.

Nisieleweke vibaya. Kanisa halina ugomvi na tiba. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapa silosaibini wagonjwa 51 wa saratani waliolemewa na huzuni na hofu, na wengi walipata nafuu. Kama madaktari wakithibitisha dawa, na iwe dawa, chini ya mkono wa daktari. Katekisimu, namba 2291, inapolaani matumizi ya madawa ya kulevya kama kosa kubwa, inatenga tiba halisi. Ninachokipinga ni kuiita dawa sakramenti, na kuuita ulevi uzima wa milele.

Maana milele tunayoingoja haina upungufu. Tangu Boethius katika karne ya 6, walimu wetu wamefundisha kwamba milele ni uzima wote ukamilikiwa kwa pamoja bila mwisho. Hakuna jana inayopotea ndani yake, wala bibi anayesahaulika. Kijana wetu alionja jioni isiyo na jana. Mungu ametuahidi siku ambayo kila jana itarudishwa ikiwa imeponywa. Na siku hiyo tunaigusa tayari katika Misa Takatifu. Katekisimu, namba 1085, inafundisha kwamba Fumbo la Pasaka haliwezi kubaki katika wakati uliopita tu, kwa sababu linashiriki umilele wa Mungu na kuzigusa nyakati zote. Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yenye kwaya iliyochelewa na watoto wanaolia, inatusimamisha Kalvari na kaburini penye mwanga. Hatuhisi kitu? Mara nyingi hatuhisi. Mbegu nayo haihisiwi inapoota.

Kwa hiyo juma hili nawaomba jambo moja. Toeni saa moja, iliyohesabiwa kwa saa ya ukutani. Mmoja akae mbele ya Ekaristi Takatifu; mwingine aende kwa mgonjwa wa Jumuiya yake, akae bila kutazama simu; mwingine ampigie mama yake. Itakuwa ndefu, itachosha, na dakika ya arobaini utatamani kuondoka. Usiondoke.

Kijana wetu aliniuliza Misa itampa nini zaidi. Jumatano tutasoma Misa kwa ajili ya marehemu bibi yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amesema atakuja. Nanyi njoni.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu