Mtoto Naye Apimiwe Kiwanja

Ndugu msomaji, siku Namungo inapocheza nyumbani, mji wa Ruangwa hubadilika. Pikipiki hujaa barabarani, wauza karanga na maji hupanga bidhaa zao mapema, na wanaume kwa vijana huelekea Uwanja wa Majaliwa kuishangilia timu yao iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Hilo ni jambo la furaha na hatuna ugomvi nalo. Lakini tunapenda kuuliza swali moja dogo. Mtoto wa miaka mitatu, ambaye hawezi kuupiga mpira wala kuelewa kwa nini baba yake amepaza sauti, yeye anakwenda kucheza wapi?

Tumeuliza swali hili kwa wazazi kadhaa wa Ruangwa na Nachingwea, na jibu tulilopata mara nyingi ni kicheko. Mtoto hucheza popote, wakatuambia. Hucheza uani, hucheza njiani, hucheza chini ya mwembe wa jirani. Kwa nini atafutiwe mahali? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo.

Kwanza tuitazame historia ya ardhi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Pori likafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na nyumba za wafanyakazi zikasimama mahali palipokuwa msitu. Mwaka 1951 mradi ule uliachwa baada ya kula mamilioni ya fedha, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Baadaye ardhi hiyo hiyo ya Nachingwea ikawapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ambao walifanya mafunzo yao hapa hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Leo ardhi hiyo, pamoja na ya Ruangwa, inabeba mikorosho na ufuta, na kila mwaka viwanja vipya vya nyumba na maduka vinapimwa.

Basi tazama, ndugu msomaji. Ardhi hii imepimwa kwa ajili ya karanga, ikapimwa kwa ajili ya reli, ikatengwa kwa ajili ya vita vya ukombozi, na sasa inapimwa kwa ajili ya korosho, maduka na mpira. Hatukatai kwamba mengi ya hayo yalikuwa na manufaa. Tunachosema ni kwamba katika vipimo vyote hivyo mtoto mdogo hakukumbukwa. Kwake yeye ilidhaniwa kwamba kipande kitabaki tu.

Zamani, kwa kweli, kipande kilibaki. Wazee wetu hawakuhitaji kumtengea mtoto mahali kwa sababu kijiji kizima kilikuwa chake. Watoto walicheza kombolela mpaka giza likaingia, wakacheza mdako na rede mbele ya nyumba, na mtu mzima yeyote aliyepita alikuwa mlezi wao. Lakini hali hiyo imebadilika mbele ya macho yetu. Njia iliyokuwa ya baiskeli leo ni ya bodaboda. Uwanda uliokuwa wazi una msingi wa nyumba, na kando yake pana shimo la choo lisilofunikwa. Chini ya mikorosho, ambako kuna kivuli kizuri, wakati wa kiangazi hupulizwa salfa, na vumbi lake huwasha macho na kifua. Hata wakati wa mavuno, ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi ya mtoto anayelitia mdomoni. Mzazi anayesema mtoto hucheza popote na asipatazame hapo popote amekwisha kumwacha mtoto wake peke yake.

Matokeo yake ni kwamba mzazi mwenye hofu humfungia mtoto ndani, naye mzazi aliyechoka humkabidhi simu. Mtoto hutulia na nyumba huwa kimya. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kutembea, kukimbia na kucheza katika kila siku. Linashauri pia kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya simu wala televisheni, na yule wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja. Dakika 180 ni saa tatu. Hebu kila mzazi ahesabu saa za mtoto wake wa jana, kisha aone zilikwenda wapi.

Wala jambo hili si hiari ya mzazi mpole peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, imetaja wajibu wa mzazi na mlezi. Imetaja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, na katika orodha hiyo hiyo imetaja haki ya kucheza na kupumzika. Mbunge aliyeipitisha hakuiweka michezo kando kama pambo. Ameiweka katika safu moja na chakula. Na kwa upande wa mafundisho ya dini yetu, ni nani asiyejua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyorefusha sijda yake kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, asitake kumharakisha? Ikiwa sala ilimsubiri mtoto amalize mchezo wake, shughuli gani ya kwetu haiwezi kumsubiri?

Lakini tunaona kwamba wengi wetu humtoa mtoto mara mbili tu kwa mwaka. Siku ya Idi huvishwa nguo mpya, hupakwa mafuta, hushikwa mkono na kutembezwa. Siku ya pili yake nguo hurudishwa sandukuni na mkono huachiliwa. Mtoto hubaki akiikumbuka Idi kwa miezi, na sisi hudhani anakumbuka nguo. Tunaamini kwamba anachokumbuka zaidi ni ule mkono.

Wapo wanaodhani kwamba watu wetu hawana desturi ya kukaa bustanini na watoto, na kwamba hayo ni mambo ya wageni. Mwenye dhana hiyo na afike Forodhani, Unguja, wakati wa jioni. Bustani ile ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, na tangu hapo familia hujaa pale, wazee kwa watoto. Desturi ilikuwepo, ilikosa mahali safi penye kivuli na pa kukaa. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna bahari wala hatuhitaji kazi ya gharama kubwa kama ile. Tuna miembe, tuna ardhi ambayo bado haijaisha, na tuna muda mfupi kabla haijaisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kijiji na kila kitongoji cha mji kitenge kiwanja cha watoto wadogo, mbali na uwanja wa mpira. Hivi ni vitu viwili tofauti. Penye mpira, mwenye nguvu ndiye mwenye uwanja, na mtoto wa miaka minne husukumwa pembeni. Kwa upande wa vijiji njia ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, halmashauri ya kijiji ikipendekeza na mkutano mkuu wa kijiji ukiidhinisha. Basi twende kwenye mkutano huo, tunyooshe mkono, tuseme, na maneno yetu yaandikwe katika muhtasari. Ardhi isiyoandikwa ni ardhi ya atakayetangulia kuijengea.

Pili, kiwanja hicho kitengenezwe kwa vilivyopo. Matairi makuukuu yaliyozikwa nusu, gogo lililopasuliwa na kulainishwa, bembea ya kamba imara, lundo la mchanga safi, na mabenchi mawili ya wazazi chini ya mwembe. Jumamosi moja ya nguvu za pamoja inatosha kuanza. Vigae vya chupa viokotwe, upupu ung'olewe, nyasi zifyekwe ili nyoka asipate maficho. Na njia ya kuingilia isawazishwe, kwani yupo mtoto asiyetembea ambaye naye anataka kufika.

Tatu, tuwekeane zamu. Tunajua kwamba wakati wa kuvuna ufuta na kuokota korosho mama hana nafasi hata ya kukaa. Ndiyo maana mara nyingi mlezi wa mtoto mchanga huwa ni dada yake wa miaka minane, amembeba mgongoni huku akiwatazama wenzake wakiruka kamba. Huyu naye ni mtoto, naye ana haki yake. Nyumba sita zikikubaliana, kila siku mtu mzima mmoja akikaa kiwanjani baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, wale watano wengine wamepumzika na binti yule ameruka kamba.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, baba naye aende. Tumeona baba anayemshika mtoto mkono na kumsukuma bembea akichekwa na wenzake kibarazani, wakisema amekuwa yaya. Tunawaambia wanaocheka kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto asiyemjua baba yake ila wakati wa kukemewa, akifika miaka kumi na mitano baba atamtafuta wa kuzungumza naye asimpate. Uaminifu baina yao hujengwa pale mtoto anapoteleza kutoka juu ya gogo na kukuta mikono chini inamngoja.

Enyi wazazi, hatusemi kwamba kiwanja cha watoto kitaondoa umaskini wetu wala kitapandisha bei ya korosho. Tunasema kwamba miaka mitano ya kwanza ya mtoto haiahirishwi mpaka msimu ujao. Karanga za mwaka 1947 zilishindwa, na ardhi ikapata kazi nyingine. Mtoto hana utoto mwingine wa kupewa badala ya huu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo baada ya Alasiri iweke simu ndani, mshike mtoto wako mkono, na mtembee pamoja mpaka kwenye mwembe ulio karibu. Kaa chini na mtazame anavyocheza. Ukiwa umekaa pale, angalia pande zote nne na ujiulize kama mahali hapo patakuwapo mwaka ujao. Ukiona shaka, unajua la kusema katika mkutano wa kijiji.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuzitunze amana alizotukabidhi, na atupe nguvu ya kuyatenda tunayoyasema. Amin.